Nusu kwa nusu: komisionere wa dosye anaweza kukata kiasi gani?

Kipushi kuna feza ambazo wenyewe hawajui kama ni zao. Ni mishahara ya nyuma ya baba aliyetumika mgodini, ni pensheni ya mama mujane ambaye hakufungua dosye, ni akaunti ya benki ya marehemu aliyekufa bila kuambia watoto, ni feza zilizobaki ndani ya simu yake. Na kila mara habari inapopita mu kartie kwamba "listi imetoka", mtu wa kusaidia hakosekani. Anakuja na karatasi mkononi, anaijua biro fulani ya Lubumbashi, anamjua mukubwa fulani. Bei yake ni moja: nusu kwa nusu.

Familia nyingi wanauliza, na mara nyingi wanauliza wakati wamekwisha kutia sahihi: je, sheria inaruhusu mtu huyo akate kiasi gani?

Jibu fupi ni hili: Code civil ya Congo haikuandika namba. Haisemi kumi kwa mia, wala ishirini, wala nusu. Lakini komisionere hawezi kukata vile anavyopenda tu. Kuna vipengele vya sheria, vingine vya zamani sana, vinavyomfunga. Shida ni kwamba anayevijua mara nyingi ni yeye, na familia haivijui.

Kwa nini Kipushi iko na feza za namna hii

Mgodi wa Kipushi ulianza mwaka 1924, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga. Leta ilipochukua mali ya Union Minière mwaka 1967, mgodi ukaingia katika kampuni ambayo leo watu wote wanaijua kwa jina la Gécamines. Karibu miaka 70 ulitoa shaba na zenki. Mwaka 1993 ukasimama.

Mgodi ukisimama, si mshahara peke yake unaopotea. Karatasi pia zinapotea, na watu wanatawanyika. Wengine walirudi kijijini, wengine walivuka kwenda Zambia, mupaka uko hapo hapo. Miaka ile ile, 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasaï zililazimishwa kutoka Katanga, nyingi zikaacha nyuma nyumba, kazi na dosye. Mtoto aliyekulia Mbuji-Mayi anaweza leo kuwa mrithi wa haki iliyolala Lubumbashi, na hajui hata namba ya kazi ya baba yake.

Halafu ikaja "départ volontaire". Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango uliolipiwa na Banque mondiale, kwa karibu milioni 43 za dola. Ukigawanya kwa usawa, ni kama dola 4,000 kwa mtu, ingawa kila mmoja alipata kiasi chake. Wengi walisema feza ile haikufika deni ambalo kampuni ilikuwa nalo kwao, na mwaka 2009 wafanyakazi wa zamani walipeleka malalamiko mpaka kwa jopo la ukaguzi la Banque mondiale. Tangu wakati ule wengi wamekufa. Mtu akifa, haki zake haziendi kaburini naye, zinapita kwa warithi.

Mwezi wa 6 mwaka 2024, Kipushi ilianza tena kutoa zenki, chini ya KICO, kampuni ya Ivanhoe Mines pamoja na Gécamines. Hapa familia wafungue macho. Baba aliyetumika na kuondoka kabla ya 1993, mwajiri wake alikuwa Gécamines. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba akisema kampuni mpya italipa deni za wazee wa zamani, aombwe karatasi inayosema hivyo. Kama hana karatasi, anauza maneno.

Hesabu ya nusu

Tuseme dosye ni ya dola 3,000, na marehemu ameacha watoto sita, mama yao naye hayuko tena. Komisionere akikata nusu, anapata 1,500. Kila mtoto anabaki na 250. Akikata kumi kwa mia, anapata 300, na kila mtoto anapata 450. Dola 200 za tofauti kwa kila mtoto ni minerval, ni mfuko wa unga, ni dawa. Na komisionere mmoja, kwa dosye moja, anapata mara sita ya kile ambacho mtoto wa marehemu anapata.

Ni haki kusema upande wa pili pia. Kazi ya dosye iko, si mchezo. Kipushi mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 30, na mtu haendi mara moja. Kunahitajika acte de décès, procès-verbal ya conseil de famille, kopi zilizotiwa muhuri, barua ya Kifaransa iliyoandikwa vizuri. Mama mukubwa wa miaka 75 asiyesoma Kifaransa hawezi kushinda kutwa nzima kwenye korido ya biro. Na komisionere anayekubali kulipwa baada ya feza kutoka anabeba hatari: dosye ikikataliwa, amepoteza siku zake bure. Mtu huyo anastahili kulipwa, na anastahili kuliko mtu aliyelipwa kwa siku.

Lakini hata ukiweka transport, kopi, siku za kungojea na hatari yote, hesabu haifiki 1,500 kwa urahisi. Sehemu kubwa ya nusu ile ni bei ya siri. Komisionere anajua kwamba jina la baba liko kwenye listi, familia haijui. Kama listi ingebandikwa kwenye ukuta wa komini, yeye angekuwa anauza miguu yake na wakati wake tu, na bei ya miguu na wakati kila mtu Kipushi anaijua. Listi ikifichwa, anauza listi, na listi si mali yake.

Kuna pia wale wanaokula mbele. Hao hawangoji dosye itoke. Wanaomba feza ya kufungua dosye, kisha feza ya transport, kisha "feza ya mukubwa". Juu ya hii ya mwisho, sheria ya mwaka 2005 juu ya rushwa inaadhibu mwenye kupokea na mwenye kutoa. Familia inayolipa "feza ya mukubwa" inapoteza feza, na zaidi inajifunga mdomo: kesho ikitaka kulalamika itaogopa, kwa sababu nayo ilitoa.

Sheria za Congo zinasema nini

Ukimtuma mtu akufuatilie dosye, mbele ya sheria umempa mandat, ile watu wanaita procuration. Kanuni zake ziko katika Code civil, Livre III, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888. Ni ya zamani, lakini bado inafanya kazi, na mambo yake manne yanafaa kujulikana katika kila nyumba.

La kwanza, mandat ni ya bure, isipokuwa mmepatana vingine. Komisionere hawezi kuja baada ya feza kutoka na kusema "kawaida yetu ni nusu". Kama hamkupatana bei, hakuna bei.

La pili, aliyetumwa lazima atoe hesabu. Aseme amepokea kiasi gani, wapi, siku gani, na aonyeshe. Anayepokea dola 3,000 na kuambia familia "wametoa 2,000", kisha akakata nusu ya hizo, amevunja kanuni hiyo. Tena anaweza kujikuta mbele ya parke kwa abus de confiance. Na yule aliyechukua feza kwa dosye ambayo haikuwahi kuwa, hilo linaitwa escroquerie. Makosa yote mawili yako katika Code pénal.

La tatu, aliyetoa mandat anaweza kuiondoa wakati wowote. Inafaa kuifanya kwa maandishi, na kopi ipelekwe kwenye biro inayoshika dosye, kusudi wasilipe tena kwa jina la mtu wa zamani. Kazi ambayo komisionere alishafanya kwa kweli ataidai, lakini hawezi kushika dosye kwa nguvu.

La nne, mandat inakufa pamoja na aliyeitoa. Karatasi ambayo baba alitia sahihi mwaka 2010, kisha akafa 2018, haimpi komisionere ruhusa ya kupokea feza leo. Ni warithi ndio watatia sahihi mpya, wakitaka. Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kama marehemu hakuacha testament, mrithi mkubwa kwa umri ndiye anayesimamia ugawaji, ao yule warithi wenyewe wanamchagua akikataa. Na huyo naye anatoa hesabu kwa wengine. Kaka mukubwa hawezi kupatana nusu na komisionere peke yake jikoni, kisha kuwaambia wadogo zake kwamba imeisha.

Kuna kitu kingine ndani ya Code civil ile ile, article 131 bis. Inasema kwamba katika mambo ya mkopo na deni, kama mwenye kudai ametumia shida, udhaifu ao kutojua kwa mwenzake ili apate faida inayopita kipimo cha kawaida waziwazi, juji anaweza kuipunguza. Code pénal nayo, katika article 96 bis, inaadhibu mwenye kutumia shida ya mtu kwa namna hiyo. Maneno yale yaliandikwa kwanza kwa ajili ya mikopo, kwa hiyo avoka atahitaji kufanya kazi ili kuyavuta mpaka kwenye komisio ya dosye. Ila kuna aina ya komisionere anayeingia moja kwa moja: yule anayekopesha mama mujane dola 100 leo "akingojea dosye", kwa masharti ya kuchukua nusu ya dosye kesho. Hapo mkopo uko, na faida inayopita kipimo iko.

Juu ya mishahara, Code du travail ya 2002 iko na namba. Inalinda mshahara wa mfanyakazi: sehemu ambayo mtu anaweza kumwachia mwingine, ao ambayo mdai anaweza kukamata, ni moja ya tano kwa mshahara usiopita mara tano ya mshahara mdogo wa kisheria, na theluthi kwa kile kinachozidi. Deni la kulea familia liko na kipimo chake. Sasa karatasi inayosema "ninampa fulani nusu ya mishahara yangu ya nyuma" inagongana na kanuni hiyo. Moja ya tano si nusu. Hii haimalizi mabishano yote, kwa sababu komisionere anaweza kusema yeye analipwa kwa kazi, hakupewa mshahara. Lakini inaonyesha namna sheria ya nchi inavyofikiri: jasho la mfanyakazi haligawiwi ovyo, hata mwenyewe akikubali.

Code du travail ile ile iko na habari mbaya ambayo makomisionere wengi hawapendi kuitoa. Kudai mshahara mbele ya tribinali kunakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku mshahara ulipaswa kulipwa, na haki nyingine za kontra ya kazi baada ya miaka mitatu. Muda huo unaweza kukatwa na mambo fulani, kama vile mwajiri kukubali deni kwa maandishi. Ndiyo maana barua ya zamani ya kampuni inayosema "tunakudai kwetu kiasi hiki" inaweza kuwa na maana kuliko karatasi zote za kabati. Orijinali ya barua ile haitoki nyumbani. Komisionere anapewa kopi.

Mwisho, tofauti kati ya komisionere na avoka. Avoka yuko chini ya barreau. Akikata honoraires zinazopita kipimo, mteja anaweza kwenda kulalamika kwa bâtonnier. Komisionere hana bâtonnier. Ukikosana naye, unabaki na parke ao tribinali. Na kwa mambo ya kazi, kuna mlango ambao familia nyingi wanausahau: Inspection du travail. Bishano la mfanyakazi na mwajiri linapaswa kupita huko kwanza kwa mapatano, kabla ya kufika tribinali, na kupita huko hakuhitaji komisionere.

Namna wengine walivyoweka mupaka

Nchi nyingine zilikutana na shida hii hii, na zilichukua njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuandika namba. Katika Marekani, kila jimbo linashika feza ambazo wenyewe hawakuzichukua: akaunti zilizolala, mishahara isiyochukuliwa, feza za bima. Huko kuna watu wanaotafuta wenye mali na kuishi kwa kazi hiyo. California na Texas ziliandika kwamba hawawezi kukata zaidi ya 10 kwa mia. New York iliandika 15.

Njia ya pili ni kuweka wakati. Sheria-mfano ambayo majimbo mengi ya Marekani yaliifuata inasema kwamba mapatano ya kulipia kutafutiwa mali hayana nguvu yakifanywa kabla ya miezi 24 kupita tangu mali ilipofika mikononi mwa jimbo. Sababu yake ni rahisi: miaka miwili ya kwanza ni kazi ya Leta kumtafuta mwenye mali, bure. Mtu wa kati anaruhusiwa kuingia pale Leta imekwisha kujaribu. Ufaransa iliongeza kitu kingine. Tangu sheria ya mwezi wa 6 mwaka 2006, mtu anayetafuta warithi bila kupewa mandat kwanza hana haki ya kulipwa chochote, hata akiwapata kweli. Hawezi kuja mlangoni na siri, kisha kuuza.

Njia ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na Congo. Kenya ilipitisha sheria ya mali ya feza zisizodaiwa mwaka 2011, na ikaunda mamlaka inayoitwa UFAA. Benki, kampuni za bima na za simu zinapaswa kupeleka huko feza ambazo mwenyewe hakuzigusa kwa miaka iliyowekwa. Feza hizo hazigeuki kuwa mali ya serikali. Zinashikwa, na mwenyewe ao mrithi anaweza kuzidai. Jambo la maana ni kwamba raia anaweza kutafuta jina lake mwenyewe kwenye intaneti ao kwa simu, bila kulipa mtu wa kati. Bado karatasi za urithi zinasumbua, na wengi bado hawajachukua. Lakini siri imetoka mikononi mwa mtu wa kati.

Ukiziweka njia hizi pamoja, unaona kwamba namba peke yake haitoshi. Namba inafanya kazi pale listi iko wazi na biro inajua ni nani anayepaswa kulipwa. Listi ikibaki katika droo, komisionere ataandika 10 kwa mia kwenye karatasi, na ile 40 nyingine atachukua chini ya meza.

Mupaka bila mlinzi

Watu wa Lubumbashi na Kipushi hawahitaji kwenda mbali kuona hilo. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba iliandika namba wazi: garantie ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Kila mpangaji anajua namna inavyokwenda. Mwenye nyumba anaomba sita, komisionere wa nyumba anaongeza yake, na mtu mwenye watoto na mizigo barabarani halalamiki, analipa. Bunge linajua kuweka namba likitaka. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtu mdogo anaweza kwenda siku hiyo hiyo na kusikilizwa bila kulipa.

Mashariki nako, feza kubwa zaidi

Jambo hili si la wazee wa mgodi peke yao. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo milioni 325 za dola kwa sababu ya vita vya miaka ile: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali zilizoharibiwa, 60 kwa utajiri wa ardhi. Malipo yalipangwa kwa awamu tano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2022. Kwa ugawaji, Congo iliunda mfuko unaoitwa FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, muji ulioumia sana katika vita vya siku sita vya mwezi wa 6 mwaka 2000.

Mahakama haikugawa feza kwa majina. Iliipa nchi, na nchi ndiyo inapaswa kujua nani ni nani. Kwa hiyo kila kitu kinashikamana na listi, karatasi na ushahidi: nani alipoteza mtoto, nani alikatwa mguu, nyumba gani iliungua. Watu wengi walikimbia bila karatasi hata moja. Hapo ndipo mtu wa kati anaingia kwa urahisi, awe avoka, awe mukubwa wa shirika, awe jirani anayejua kuandika. Mjane wa Kisangani anayeulizwa aachie sehemu ya malipo yake yuko mahali pale pale pa mjane wa Kipushi. Wote wawili wanaulizwa walipie kujua haki ambayo ni yao tayari.

Kinachoweza kufanywa

Sheria ya mikataba inatungwa Kinshasa, si katika bunge la mkoa. Kwa hiyo mupaka wa kweli, wenye namba, unahitaji wabunge wa kitaifa wa Haut-Katanga, Tshopo, Ituri na mikoa mingine wauweke mezani. Ungeweza kuwa mfupi: mandat iandikwe, kiasi cha dosye kionyeshwe kabla na baada ya komisio, komisio isipite namba fulani, na miaka ya kwanza baada ya listi kutoka iwe ya bure.

Namba yenyewe inahitaji akili. Ikiwa ndogo sana, hakuna atakayesafiri kumtafuta mrithi aliyeko Kananga ao Ndola, na feza zitaendelea kulala. Ikiwa kubwa, ni kuhalalisha wizi. Kutenganisha gharama na komisio kunaweza kusaidia: transport na kopi zirudishwe kwa risiti, na asilimia ihesabiwe juu ya kinachobaki.

Lakini mengine hayangoji sheria. Kampuni, CNSS ao benki inaweza kubandika majina kwenye komini na kuyasoma redioni. Biro inayolipa inaweza kukataa procuration isiyokuwa na majina ya warithi wote, na kudai mrithi mmoja awe hapo siku ya malipo. Komini inaweza kuweka mtu mmoja, siku moja kwa juma, wa kuandikia wazee barua. Parokia na makanisa yana watu wanaojua Kifaransa. Kila moja ya hayo inapunguza bei ya nusu, kwa kuwa inapunguza siri.

Kabla ya kutia sahihi

– Uliza dosye iko biro gani na kwa namba gani. Kisha tuma mtoto wa nyumbani aende kuuliza mara moja, kabla ya kupatana. Safari moja ya Lubumbashi ni bei ndogo kuliko nusu.

– Karatasi isomwe kwa Kiswahili mbele ya familia, iandike kiasi cha dosye, komisio kwa namba, nani analipa transport, na siku ya mwisho. Mandat isiyo na mwisho inaleta mabishano.

– Usiandike "nusu ya vyote vitakavyotoka". Kama kiasi hakijulikani, ngoja kijulikane.

– Orijinali za karte, livret, barua za kampuni na acte de décès zibaki nyumbani.

– Feza zilipwe mikononi mwa mrithi ao kwenye akaunti yake, kisha yeye amlipe komisionere, si kinyume chake.

– Ukishatia sahihi na umeona umedanganywa, andika barua ya kuondoa mandat, weka kopi kwenye biro inayolipa, na uende Inspection du travail, kwa bâtonnier kama ni avoka, ao parke kama feza zimeliwa.

Na kama komisionere ni mtu mwema, hayo yote hayatamsumbua. Atakubali kuandika, atakubali kuonyesha, atakubali kulipwa mwisho. Yule anayekasirika kwa sababu umeomba risiti, familia imekwisha kumjua kabla ya kupoteza franga hata moja.